Mawe ya Kona ya Tatu

Mliopiga simu gazetini wiki iliyopita kuuliza kama kweli nilitolewa hotelini na taulo kiunoni, jibu ni ndiyo, na wala sikutia chumvi. Taulo lenyewe lilikuwa la hoteli. Walinifuata hadi barabarani kulidai.

Leo mtacheka kidogo tu. Kisa hiki nimekikwepa wiki tatu mfululizo nikiwapa vile vyepesi, kwa sababu hiki ndicho kinachonikosesha usingizi.

Kwa anayenikuta leo: mimi ni Alfayo, mtu wa Kitale. Nilikwenda Juba baada ya amani kutiwa sahihi, nikaharibu kazi tatu kwa mdomo wangu mwenyewe. Ya nne iliniokota mavumbini. Nyumbani nilikuwa nimepeperusha bendera kwenye mbio za magari miaka tisa, na huko Juba kamati moja ilikuwa inatafuta mtu wa kufufua njia ya mbio nyuma ya Lemon Gaba. Wakanipa kilima, katapila na miezi miwili.

Nasema kufufua kwa sababu njia ile ilikuwa ya zamani. Mwenzangu kazini, Lokosang, fundi aliyekulia ukimbizini Uganda, alikuwa na habari zake zote kutoka kwa marehemu baba yake. Wakati wa ile amani ya kwanza, kabla vita havijarudi, wafanyabiashara wa mji walikuwa wakishindana kuzunguka kilima kila Pasaka kwa mapijo na malandirova yao. Madereva walitoka Gulu, walitoka Arua, hata kwetu Kitale walitoka. Kilomita tano, kona saba. Vita viliporudi, majani yakaifunika yote.

Lokosang alikuwa na picha moja ya siku zile. Gari limeinama kwenye kona, na kando yake kuna mawe yamepakwa rangi nyekundu na nyeupe.

Basi shikeni hapo kwenye picha.

Jumapili moja ya Novemba, vibarua wakiwa kanisani, nilikuwa peke yangu kona ya tatu na pikapu. Kando ya njia, ndani ya majani, nikaona jiwe. Nusu limepakwa nyekundu, nusu nyeupe. Hatua chache mbele, jingine. Halafu jingine. Mstari mzima!

Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Niliona nimepata mawe yenyewe ya miaka ile, yale ya kwenye picha.

Nikayang'oa yote arobaini na moja. Nikayapeleka ndani ya kona, nikayapanga vizuri, nikayapaka rangi mpya, moja jekundu, moja jeupe. Lokosang alipotoka Sherikat kununua matairi alikuta kazi imekwisha na rangi imekauka. Akasema baba yake angefurahi.

Na ile ardhi tambarare iliyokuwa nyuma ya mstari wa mawe nikaipa kazi. Kona ya tatu ni ya hatari. Gari linashuka kilimani kwa kasi kisha linakata kushoto. Likishindwa kukata, lazima liwe na mahali pa kunyoosha mpaka lisimame. Nikachomeka vijiti viwili vya bendera na kuandika kwenye ramani: Mahali pa Kuponea.

Sikujiuliza kwa nini eneo zuri vile halikuwa na nyumba, shamba, wala mbuzi mmoja, ilhali watu wa Lemon Gaba walikuwa wakigombania kila futi ya ardhi. Ujinga wangu ulianzia hapo. Ubaya wangu ulikuja baadaye.

Mashindano yalikuwa tarehe tisa Januari, kuadhimisha miaka minne ya amani. Tarehe nane, saa mbili asubuhi, nilikuwa kona ya tatu nikikagua, mara nikaona mwanamke mrefu amesimama kando ya njia. Amevaa vesti nene ya bluu, kofia yenye kioo cha uso ameishika mkononi. Alikuwa anatazama chini, kama mtu aliyeangusha pete.

"Salaam, akuy," akasema, yaani ndugu yangu. "Mimi naitwa Teresa. Wewe ndiye mkubwa ya hapa?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu."

"Natafuta mawe."

"Mawe gani?"

"Hapa ilikuwa na mstari ya mawe. Timu yangu ndiyo iliweka, kabla ya mvua. Sisi tunatoa mabomu ya vita." Akaonyesha kwa kidole ule uwanja wangu mzuri. "Upande nyeupe, mtu anatembea. Upande nyekundu, mtu asiguse hata na fimbo. Hii yote tuliacha tukasema tutarudi kiangazi. Leo nimerudi, mawe mafi. Hakuna hata moja."

Ndugu zangu, kuna kuogopa kwa kawaida, na kuna kule ambako masikio yanaziba. Nilimwona akiendelea kusema lakini sikumsikia. Nilikuwa nazikumbuka nyayo zangu zikiingia na kutoka kwenye majani yale, mara arobaini na moja, nikipiga mluzi wimbo wa kanisani.

"Akuy? Nimekuuliza. Umeona mtu amebeba?"

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu lilitosha. Nikajitia hamnazo.

"Sijaona, dada."

Akageuka akayatazama mawe ya kona yanavyong'aa. "Na haya?"

"Haya yametoka machimboni. Yaliletwa na lori."

Akasema anaenda kuuliza watu wa nyumba za karibu, maana pengine kuna mtu ameyachukua kujengea jiko. Akaondoka na njia, miguu yake ikifuata alama za magari bila kukosea.

Msinilaani haraka. Nililaaniwa na kazi tatu kabla ya ile, na hapo nilikuwa mtu. Watu walikuwa wananiita Mkurugenzi. Nikajiambia: njia yenyewe imepitiwa na katapila mwezi mzima, ni salama. Hatari iko kwenye uwanja tu. Nitauziba kwa utepe, mazoezi yapite, mbio zipite, halafu nitamtafuta yule dada nimwage mtama wote.

Nikampigia Lokosang kwenye redio. Alikuwa mstari wa kuanzia, upande wa pili wa kilima.

"Lokosang, niletee utepe wa kuzuia watu. Wote uliobaki."

"Utepe hakuna."

"Si zilikuwa roli sita?"

"Afande Kuol alichukua yote. Anazungushia viti ya wakubwa. Hata mimi nimefunga yangu kwa kamba ya mbuzi."

Afande Kuol ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati, mtu wa Bilpam, makao makuu ya jeshi, na alipotajwa tu nikaona gari lake likija. Akateremka na fimbo yake kwapani. Nikapiga moyo konde. Nikasema potelea mbali, huyu ndiye nitakayemwambia.

"Afande, naomba tuahirishe mazoezi. Hata kwa saa mbili."

"Nani ameamuru?"

"Mimi, afande. Naomba tu."

"Alfayo." Kiswahili chake alikipatia Nairobi, na alikizungumza taratibu. "Watu wa Kampala wamefika. Watu wa Nairobi wamefika. Unajua nilikaa msituni miaka mingapi? Nilikuwa nangoja siku moja tu, watu wa Juba wakae chini, watazame kitu kinaenda mbio, na wao wenyewe wasikimbie. Siku hiyo ni kesho. Sasa niambie, uko na sababu?"

Sababu ilikuwa mdomoni, imefika kwenye meno. Nikaiangalia ile fimbo. Nikamwona yeye, jinsi alivyokuwa anafurahi.

"Vumbi, afande," nikasema.

"Vumbi!" Akacheka mpaka akanishika bega. "Mwaga maji, Mkenya. Mwaga maji."

Akaondoka. Nilibaki pale nikiwa nimeudanganya umma mzima kwa neno vumbi.

Saa nne mazoezi yakaanza. Magari yalitoka moja moja, kila moja likingoja lililotangulia limalize mzunguko. La kwanza likashuka kilimani, likakata kona ya tatu safi. La pili hivyo hivyo. La tatu, la mtu wa Kampala, liliteleza kidogo likanirushia changarawe, likapita. Kila moja lilipopita nilipumua, na kila nilipopumua niliona uongo wangu unazidi kuwa na akili.

Mara redio ikakoroma. Lokosang.

"Namba nne imetoka. Duku."

Duku alikuwa kijana wa Juba hapohapo, dereva mwenye mguu mzito kwenye mafuta kuliko wote. Mwelekezi wake, yaani yule anayeketi kando na kumsomea njia, alikuwa Jubek. Lakini nilimwona Jubek jana yake akitetemeka kwa malaria.

"Jubek amepona?" nikauliza.

"Jubek amelala hospitali. Huyu anasomea Duku ni dada yako."

"Dada yangu nani?"

"Wewe iko na dada ngapi hapa? Valary! Amevaa helmeti, amefurahi sana. Amesema wewe ulimfundisha kila kitu."

Valary ni kitinda mimba wetu. Alikuwa amefika kutoka Kitale kabla ya Krismasi, kwa basi, siku tatu njiani, kuja kunishikia saa kwenye mstari wa mwisho. Hiyo tu, kushika saa. Mama alinipigia akasema maneno mawili: "Mrudishe mzima."

Na ni kweli nilimfundisha kila kitu. Jioni zote za Desemba nilimkalisha kwenye pikapu nikamfundisha kusoma njia, ishara za bendera, kanuni zote kama zilivyo kitabuni. Alikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote niliopata kuwafundisha. Ukimwambia jambo mara moja, limekaa.

"Msimamishe, Lokosang!"

"Namsimamisha namna gani? Ameshapita kona ya kwanza. Shida ni nini?"

Gari zuri lilikuwa linachukua dakika nne kuzunguka. Kufika kona ya tatu, dakika moja na nusu, labda na ushee.

Nikageuka, na Teresa alikuwa amerudi. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mawe yangu na kisu kidogo, anakwangua rangi. Chini ya nyeupe yangu mpya, jiwe lilikuwa na nyekundu iliyopauka.

Alinyanyua macho tu.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeyang'oa mimi, dada. Nilidhani ni mawe ya zamani ya mbio. Sikujua. Asubuhi ulipouliza nikakudanganya, nikijua. Dada yangu yuko kwenye gari linalokuja. Nisaidie."

Nilitegemea kofi. Ningelipokea kwa shukrani.

"Mangapi?" akauliza.

"Arobaini na moja."

"Mstari yake ilianzia wapi?"

"Pale kwenye kijiti cha bendera. Ikaenda hivi... au hivi. Sikumbuki vizuri, yalikuwa kwenye majani."

"Wewe ulitembea ndani?"

"Nilitembea, ndiyo. Upande huu wa pembeni."

"Basi Mungu yako anafanya kazi Jumapili," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Hilo lilinitisha kuliko kelele. "Sikiliza. Usikimbie. Tunafikiri kwanza."

Lakini nyuma ya kilima nilisikia injini. Subaru ya Duku naijua hata nikiwa usingizini. Inapiga kelele kali, inanyamaza kidogo akibadilisha gia, inapiga tena. Ilikuwa inapanda upande ule. Sekunde ishirini ingeanza kushuka upande wetu.

Duku, mwenye mguu mzito. Na Valary akimsomea njia kwa mara ya kwanza maishani. Niliona gari likishindwa kona, likinyoosha moja kwa moja kuingia kwenye uwanja. Niliona kila kitu kimekwisha kutokea.

Bendera nyekundu ilikuwa imeegemea kwenye pipa. Niliichukua nikakimbia katikati ya njia.

Subaru ikatokea juu ya kilima. Nikapepea kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zote nilizonazo.

Nyuma yangu Teresa akapiga ukelele wa kwanza tangu nimjue.

"Wacha ipite! Barabara iko safi! Wacha gari ipite, akuy, shusha!"

Nikashusha. Lakini walikuwa wameshaiona.

Ngoja niwaambie kanuni ya kumi na moja ya mashindano yale. Naijua kwa sababu niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na kila dereva aliitilia sahihi. Bendera nyekundu ikipepea, dereva asisimame njiani, gari la nyuma litamvaa. Aingie mahali pa kuponea palipo karibu, asimame hapo.

Duku alikuwa na mguu mzito, lakini alikuwa mtiifu. Akakanyaga breki. Gari likapungua mwendo, likaja taratibu kabisa, kwa adabu. Likawasha taa ya kuonyesha upande. Likapita katikati ya vijiti vyangu viwili vya bendera, likaingia kwenye majani.

Nilifumba macho.

Nikasubiri.

Nilisikia majani yakisuguana na tumbo la gari, na injini, basi. Nilipofumbua macho gari lilikuwa limesimama ndani kabisa, hatua sitini au sabini kutoka njiani, zima. Duku alikuwa amelizungusha zima zima, pua yake ikitazama njia, tayari kutoka. Kati yake na njia zilionekana alama mbili za matairi zilizolaza majani, kama njia za siafu.

Nikakaa chini kwenye vumbi. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja.

"Simama," Teresa akasema. Alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake, kioo kimeshuka usoni. "Sikiliza vizuri. Pale matairi imekanyaga ni salama. Wakibaki ndani ya gari, mimi naita timu, tunaenda polepole, tunawatoa. Hata ikiwa jioni. Mtu asifungue mlango tu. Unasikia? Mtu asifungue mlango."

"Nasikia."

"Na kama ni lazima atoke, atembee juu ya alama ya tairi. Hapo tu. Mguu mmoja mbele ya mwingine."

Nilikuwa nimefungua mdomo kumjibu, mlango wa kushoto wa Subaru ukafunguka.

Valary akatoka. Helmeti kichwani, imefungwa hadi kidevuni. Akainama ndani ya gari akatoa kitu. Kilikuwa chekundu na kina pembe tatu.

Hiyo ilikuwa kanuni nyingine. Gari likisimama wakati wa mashindano, dereva anabaki kwenye usukani, mwelekezi anatoka. Anachukua pembetatu ya kuonya. Anarudi nyuma hatua hamsini anaiweka, wenzao wa nyuma wasije wakawagonga. Nilimfundisha hivyo mwenyewe, kwenye pikapu, mara moja tu.

"Valary! Rudi ndani! Rudiii!"

Duku alikuwa hajazima injini. Na ndani ya helmeti ile usingesikia hata tarumbeta.

Akasimama kando ya gari, akageuka kutazama alikotoka. Mbele yake kulikuwa na alama mbili za matairi, pana, zimenyooka, zinakuja moja kwa moja hadi miguuni pangu.

"Juu ya tairi," Teresa alikuwa ananong'ona karibu yangu. "Yalla, dada, juu ya tairi. Juu ya tairi."

Ndipo nikakumbuka nilichomwambia Valary kuhusu alama za matairi. Nilimwambia mtu aliyeko kwenye mashindano hatembei juu yake kamwe, kwa sababu pale lilipopita gari moja, la pili litapita papo hapo. Unatembea kando, kwenye majani. Nilimfanya airudie sentensi hiyo mpaka akaniambia, "Brathe, nimeshika, si mimi mtoto."

Nikatupa bendera, nikainua mikono yote miwili, nikaanza kumwashiria arudi, arudi, arudi.

Aliniona. Alidhani kaka yake anamharakisha. Akaniinulia dole gumba, akaziacha alama za matairi, akaingia kwenye majani, na akaanza kukimbia.